Istilahi Tunazo, Sentensi Je?

Mjadala wa kufundisha sayansi kwa Kiswahili haukawii kufika kwenye swali lile lile: neno fulani utaliitaje? Mmoja atauliza jina la kimeng'enya, mwingine ataleta mzaha juu ya neno refu lililoundwa Dar es Salaam, watu watacheka, na mjadala utakuwa umekwisha. Sisi washairi na wapenzi wa lugha tunanaswa na swali hilo kuliko wengine, kwa kuwa maneno ndiyo mali yetu na kuyapima ndiyo burudani yetu. Nikiwa mwalimu mstaafu wa biolojia niliyefundisha katika Nyanda za Juu Kusini, naona kwamba swali hilo lilijibiwa zamani, na kwamba kuna jingine zito zaidi ambalo hatujaliuliza.

Istilahi tunazo. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Katika shule za msingi, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka 1967, vizazi kadhaa vya watoto vimekua vikisema seli, usanisinuru, mmeng'enyo wa chakula, hadubini, bakteria na kuvu. Mtoto wa darasa la saba wa Rungwe au Mufindi anaweza kukueleza kwamba jani hujitengenezea chakula kwa mwanga, maji na kabonidayoksaidi. Akiingia kidato cha kwanza anaambiwa ayaache hayo yote mlangoni, kisha ayaokote upya kwa lugha nyingine.

Tulichokosa ni sentensi. Hatuna mazoea ya kuandika kwa Kiswahili sanifu, kwa usahihi na bila kupamba, kile ambacho jicho limekiona mezani pa maabara. Kamusi haiwezi kutupatia mazoea hayo, maana kamusi hutoa maneno, na maabara huenda kwa vitenzi, kwa mfuatano na kwa kiasi: kimebadilika, kikageuka kidogo, kikakoma, hakikubadilika kabisa.

Tazama somo la awali la biolojia kwa wanafunzi wa vyuo vyetu, kuanzia Iringa, ambako Mkwawa iliyokuwa shule ya sekondari ilifanywa mwaka 2005 kuwa chuo kikuu kishiriki cha elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hadi vyuo vya ualimu vya huku Mbeya. Somo lenyewe halijabadilika sana. Mwanafunzi hubandua utando mwembamba wa kitunguu, akautia iodini na kuzichora seli anazoziona katika hadubini. Hupima vyakula ili ajue kama vina wanga, sukari au protini. Hutumbukiza vipande vya kiazi katika maji ya chumvi. Hulitoa jani ukijani wake. Kila zoezi huandikwa katika jedwali la safu nne: kilichopimwa, hatua zilizofuatwa, kilichoonekana na hitimisho.

Safu ya tatu ndiyo roho ya sayansi. Safu ya kwanza na ya pili unaweza kuzinakili kitabuni, na ya nne unaweza kuibahatisha, lakini ya tatu huipati mpaka utazame. Hiyo ndiyo safu ambayo wanafunzi wetu huikariri usiku wa kuamkia mtihani.

Kipimo cha sukari ni mfano mzuri. Unachukua mmumunyo wa Benedict, ambao ni wa buluu, unauchanganya na chakula kilicholainishwa kwa maji, kisha unauchemsha. Sukari ikiwa kidogo sana, rangi huishia kwenye kijani. Ikizidi, huwa manjano, kisha rangi ya chungwa. Ikiwa nyingi, hufika kwenye wekundu wa tofali. Kwa hiyo rangi hizo ni ngazi, na mahali inapokoma ndipo penye habari. Lakini sentensi ya Kiingereza inayokaririwa huzitaja rangi zote kwa mpangilio, kutoka buluu hadi tofali. Nimesahihisha madaftari ya darasa zima yaliyopanda ngazi hiyo mpaka juu, hali mirija iliyosimama mbele yao ilikuwa ya kijani. Hawakuwa waongo. Waliandika sentensi pekee waliyokuwa nayo.

Mwambie mwanafunzi huyo huyo akueleze kwa Kiswahili alichokiona. Atasema, "Imekuwa kijani, halafu ikakoma hapo." Sentensi hiyo fupi ni uchunguzi kamili wa kisayansi. Ina badiliko, ina kikomo, na inaelekeza kwenye hitimisho la kweli, kwamba chakula kile kina sukari kidogo. Akisukumwa mbele ataongeza kwamba ni kijani cha majani makavu, si kijani kibichi. Kiswahili kimezoea kupata rangi zake kutoka katika vitu: majivu, ugoro, samli, chungwa, damu ya mzee. Na huku kwetu, ambako matanuri ya tofali yamejaa pembezoni mwa vijiji, nani asiyejua tofauti ya tofali lililoiva na lile lililokaa pembeni ya moto? Mwanafunzi anayo mizani ya rangi kichwani. Tunachomnyima ni ruhusa ya kuitumia katika safu ya tatu.

Tuje kwenye kiazi, zao la nyumbani kabisa kwa watu wa Mbeya. Vipande viwili vya urefu sawa vinawekwa mmoja katika maji matupu, mwingine katika maji yenye chumvi nyingi. Baada ya muda kile cha maji matupu huwa kigumu na kirefu kidogo kuliko awali, na kile cha chumvi hupungua urefu, na ukikiinua hujikunja kidoleni. Kitabu humpa mwanafunzi maneno mawili yenye asili ya Kilatini ya kueleza hali hizo, naye huyakariri na wakati mwingine kuyabadilishana. Kiswahili kinampa kukakamaa, kufura, kulegea, kusinyaa, kunywea na kunyauka, na maneno hayo hayana maana moja. Jani hunyauka. Ngozi ya tunda husinyaa. Kamba hulegea. Mtu aliyeugua hunywea. Kuchagua lipi linafaa kipande kile cha kiazi ni zoezi la lugha na la biolojia kwa pamoja, kwa sababu huwezi kuchagua bila kukishika, kukibonyeza na kukipima kwa rula.

Kuna pia suala la usalama, nalo si la kufanyia mzaha. Ili kujua kama jani limetengeneza wanga, tunalichemsha kwanza katika maji ili seli zake zife na kulainika, kisha tunalitia katika spiriti ya moto ili ukijani utoke. Spiriti hushika moto upesi, na mvuke wake vilevile. Ndiyo maana haichemshwi juu ya moto wa wazi. Chombo chake husimamishwa ndani ya maji yaliyokwisha kuchemka, na moto huwa umezimwa au umepelekwa mbali. Mwanafunzi asiyeielewa hatua hiyo hapotezi alama tu, anaweza kuungua uso. Katika maabara nyingi mwalimu hulijua hilo, hivyo huyaacha maelezo ya Kiingereza ubaoni na kuonya kwa Kiswahili, tena kwa sauti kubwa. Kumbe jambo likiwa la kufa na kupona tunakubali wenyewe ni lugha ipi inayofika.

Hapa ndipo ninapowageukia washairi wenzangu. Mababu zetu waliweka katika tungo mambo waliyotaka yakumbukwe, kwa sababu kilichofungwa kwa vina hakisahauliki. Zoezi la jani lingeshindikana vipi? Nimelijaribu kwa mizani kumi na sita ya kawaida:

Jani litie chunguni, lichemke, lilegee,
Lihamie spiritini, moto mbali usogee,
Joto litoke majini, weupe utokezee,
Matone ya iodini, tazama, ulingojee.

Chungu ni cha ushairi, maabara hutumia bika. Lakini hatua zimekaa katika mpangilio wake, onyo la moto limekaa mahali pake, na mshororo wa mwisho haukusema jani litakuwa rangi gani. Hilo nimelikusudia. Beti likitaja buluu nyeusi, litakuwa limemwibia mwanafunzi safu yake ya tatu.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba vitabu, mitihani na dunia vinazungumza Kiingereza. Ni kweli, na simshauri kijana yeyote akikimbie Kiingereza. Ninachosema ni kwamba atazame kwanza kwa lugha anayoona nayo, aandike safu ya tatu kwa lugha hiyo katika daftari lake la maabara, kisha aihamishie kwenye Kiingereza. Akiwa na jambo la kweli la kusema, atakitafuta Kiingereza chake mwenyewe badala ya kuazima sentensi ya mwaka jana.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: Kiswahili chetu cha kila siku hakijapambanua mambo ambayo sayansi huyapambanua. Barafu inayeyuka juani, na sukari nayo twasema imeyeyuka kwenye chai, ilhali matukio hayo ni mawili tofauti. La kwanza ni kitu kigumu kugeuka kimiminika kwa joto. La pili ni kitu kusambaa ndani ya kimiminika kingine. Vivyo hivyo, kiini ni cha yai, cha seli na cha habari. Sikatai. Lakini kumumunyuka kupo, na mmumunyo umo vitabuni. Kumebaki yatima kwa sababu hakuna anayekuandika. Lugha haipambanui maana kwa amri ya kamati. Hupambanua kwa kutumiwa na watu wanaoihitaji tofauti hiyo, na hakuna wanaoihitaji kuliko walio mezani pa maabara.

Ya tatu husema tusubiri sera. Tumesubiri sana. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta, mwana wa Njombe, iliyokuwa wakati huo ndani ya mkoa wa Iringa, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985. Halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, na Kiingereza kikabaki darasani kama kilivyokuwa. Mkufunzi wa chuo cha ualimu hahitaji tangazo la serikali ili awaambie wanafunzi wake waandike kwa Kiswahili walichokiona kabla ya kukiandika kwa Kiingereza. Na mkufunzi huyo ndiye mlango wa yote: atakayotazamisha leo chuoni ndiyo yatakayotazamishwa mwakani katika sekondari za kata.

Liko jambo moja zaidi ambalo wapenzi wa Kiswahili hatupendi kuambiwa. Kiswahili nacho kina wadogo zake, na kinaweza kuwafanyia kile ambacho Kiingereza kinakifanyia. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika misitu ya Mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Wakamtafuta mpaka wakamwona. Mwaka 2004 watafiti wengine wakamwona katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa upande wa Iringa. Mwaka 2005 alitangazwa kwa ulimwengu kuwa spishi mpya, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe: Rungwecebus kipunji. Jina la mlima na jina la mnyama, yote mawili ya wenyeji, sasa yameandikwa katika vitabu vya elimuviumbe duniani kote.

Kipunji hakuwa mpya kwa wawindaji wa Rungwe. Walikuwa wamemtazama na wakampa jina, bali hakuna aliyekuwa ameandika. Basi mwanafunzi wa Tukuyu anayejua mmea kwa Kinyakyusa, na mwenzake wa Kilolo anayeujua kwa Kihehe, wayaandike majina hayo pembeni mwa mchoro, karibu na jina la Kiswahili na la kisayansi. Jina la nyumbani mara nyingi limebeba habari ya mahali mmea uotapo na kazi yake.

Ombi langu kwa wasomaji wa ukurasa huu ni dogo. Chukueni zoezi moja la maabara mlilolifanya shuleni, au mwombeni kijana aliye chuoni awasimulie lake. Liandikeni kwa nathari ya Kiswahili, sentensi kumi au kumi na tano, pasipo sifa wala tashbiha isiyohitajika, mtu aliye mbali aweze kulifanya bila kuuliza. Wenye vina watie vina. Kisha wapeni wanafunzi walisome na walifanye, na wakikwama mahali, sentensi hiyo irekebishwe. Tukipata mazoezi ishirini ya namna hiyo tutakuwa tumewapa wakufunzi kitu cha kushika mkononi, na safu ya tatu itaanza kuandikwa na waliotazama.