Haja ya Kufundisha Kijerumani cha Malalamiko Rasmi: Mtazamo kutoka Bujora

Katika mijadala ya miaka ya karibuni kuhusu vitu vya kale na mabaki ya wahenga wetu yaliyoko Ujerumani, wanahistoria na wanasheria wamesikika sana, ilhali wanaisimu wamekaa kimya. Hoja ya makala haya ni kwamba idara za Kiswahili zina wajibu wa kufundisha Kijerumani cha malalamiko rasmi, kwa sababu misemo yake si mapambo ya barua bali ni vitendo vyenye matokeo ya kisheria.

Tuanzie Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza. Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, yanahifadhi ngoma na vifaa vingine vya batemi. Vitu vingine vya Usukuma vimo katika makumbusho ya Ujerumani. Mzee wa ukoo anayetaka kuvidai, au kijana aliyenyimwa viza, hukumbana na kizingiti kimoja. Kifungu cha 23 cha sheria ya Ujerumani ya mwenendo wa utawala chatamka kwamba lugha ya ofisi ni Kijerumani. Kuhusu viza, utaratibu wa kuomba ubalozi uutazame upya uamuzi wake ulifutwa tarehe 1 Julai 2025. Njia iliyobaki kwa anayepinga ni kufungua kesi katika mahakama ya utawala ya Berlin, na lugha ya mahakama nayo ni Kijerumani.

Ikumbukwe kwamba upande wa pili ulijiandaa mapema. Mwaka 1887 Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa Berlin, na humo maofisa wa koloni walifundishwa Kiswahili. Neno letu “shauri” likaingia katika Kijerumani cha koloni kwa tahajia ya “Schauri”, likimaanisha baraza la kusikiliza kesi. Mtawala alijifunza lugha ya malalamiko yetu. Sisi hatukujifunza yake. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikwenda Berlin mwaka 1929 akidai mishahara ya uaskari, yake na ya baba yake. Dai lilikataliwa kwa hoja kwamba muda umepita. Baadaye alifundisha Kiswahili katika Seminari hiyo hiyo. Alifariki mwaka 1944 katika kambi ya Sachsenhausen. Hatudai kwamba msemo mmoja ungalimwokoa katika utawala wa kibaguzi. Hata hivyo, kisa chake chaonyesha kuwa jibu la ofisi laweza kusimama juu ya tarehe peke yake, bila kugusa haki.

Kiini cha tatizo ni cha kipragmatiki. Barua yetu ya malalamiko huanza kwa heshima, husimulia hali, kisha hufikia “naomba” na “natumaini ombi langu litafikiriwa”. Mpangilio huu una hekima yake, kwani humwachia mkubwa nafasi ya kutenda wema. Barua ya Kijerumani hutanguliza mada na namba ya jalada, husalimu kwa “Sehr geehrte Damen und Herren”, kisha hutamka: “Hiermit lege ich Widerspruch ein”, yaani, kwa barua hii naweka pingamizi. Neno “hiermit” ndilo linaloifanya sentensi kuwa tendo. Mwenye kutafsiri “naomba” neno kwa neno huigeuza haki kuwa hisani.

Aidha, neno letu “malalamiko” hukusanya mambo ambayo Kijerumani huyatenga. “Widerspruch” hupinga uamuzi wa ofisi, na kwa kawaida muda wake ni mwezi mmoja. “Klage” hupelekwa mahakamani. “Dienstaufsichtsbeschwerde” hulalamikia mwenendo wa mtumishi, na Wajerumani wenyewe huitania kuwa haina umbo, haina muda, wala haina matunda. Ni kweli kwamba sheria haimlazimishi mtu kutaja neno “Widerspruch”. Ofisa hupaswa kuitafuta nia ya mwandishi. Lakini si busara kumwachia mpinzani wako kazi ya kuifasiri nia yako.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kupiga magoti upya, na kwamba Mjerumani ndiye apaswaye kutujibu kwa Kiswahili. Dai hilo ni la haki. Hata hivyo, litawasilishwa kwa lugha gani ili liingie jaladani? Kifungu cha 17 cha Katiba ya Ujerumani champa kila mtu, si raia tu, haki ya kupeleka maombi na malalamiko yake kwa maandishi. Haki hiyo haina faida kwa asiyejua kuiandika.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, somo la tafsiri katika shahada ya uzamili liwe na sehemu ya kulinganisha barua rasmi za lugha hizi mbili. Pili, iandaliwe faharasa ya istilahi za malalamiko, ikieleza kwa kila neno tendo lake na muda wake, na nakala ziwekwe mahali kama Bujora. Mjukuu wa ntemi anayekusudia kuandika Berlin asilazimike kuanza na neno “naomba” kwa kukosa jingine.