Bibi Amepotea Njia

Ndugu msomaji, mwezi huu naacha habari za mahindi na tumbaku. Tuzungumze habari za mzee wako nyumbani.

Kusahau mahali ulipoweka jembe ni kawaida. Lakini je, bibi aliyezoea kutembea kutoka Kwihara mpaka Tabora mjini, sasa anapotea chini ya miembe ya njia ile ile? Anauliza jambo moja mara tano? Huo si uzee tu. Mababu zetu wapagazi walikwenda Bagamoyo na kurudi bila ramani, njia ilikaa kichwani. Ubongo ukiugua, njia hiyo hufutika. Ugonjwa mmoja wa namna hiyo huitwa Alzaima, kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906.

Huku kwetu, bibi wa namna hiyo akikutwa usiku karibu na nyumba ya jirani, huitwa mchawi. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni, basi watu husema ushahidi ndio huo. Wazee wameuawa kwa maneno kama hayo, hapa Tabora na kwa jirani zetu wa Shinyanga na Mwanza. Kumbe bibi amepotea njia.

Siku hizi wataalamu wanaifundisha kompyuta kuutambua ugonjwa huu mapema. Wanaionyesha picha nyingi za ubongo, za wagonjwa na za wazima. Nayo hujifunza tofauti, kama kijana anavyojifunza kupanga madaraja ya tumbaku kwa kuona majani mengi. Lakini kijana aliyezoea tumbaku ya mvuke ya Urambo atababaika akiletewa tumbaku ya moshi ya Songea. Kompyuta hizo zimeonyeshwa zaidi watu wa Marekani na Ulaya. Wazee wetu hazijawazoea.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010, walichunguzwa wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Katika kila wazee 100, kama sita walikuwa na ugonjwa wa kusahau. Baadaye kikatengenezwa kipimo kifupi kisichohitaji kusoma. Mzee hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka maneno aliyoambiwa, hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano.

Mpeleke mzee zahanati mapema. Dawa ya kuiponya Alzaima haijapatikana. Lakini kusahau kwingine hutokana na upungufu wa vitamini, huzuni kubwa, au dawa anazokunywa, na huko huweza kutibika. Wewe unayejua kuandika, chukua daftari. Andika alianza lini, anasahau nini, alipotea wapi, anakunywa dawa gani. Mganga wa zahanati atauliza hayo, na bibi mwenyewe huenda asiyakumbuke.