Hakuna Ardhi Tupu Kati ya Kililana na Wabera

Kuna maneno mawili ambayo ningefurahi kuyazika: "ardhi tupu" na "lango". La kwanza hutupiwa Kililana, kijiji cha wakulima na wavuvi katika bara ya Lamu, kaskazini mwa Mokowe, mkabala na Ghuba ya Manda. La pili tumebandikwa sisi wa Isiolo: Lango la Kaskazini. Watu hulisema kama sifa. Lakini hebu fikiria, lango ni la kupita tu. Nani amewahi kumuuliza anayeishi langoni anataka nini?

Mimi ni wa Wabera, hapa Isiolo mjini. Wengi wetu huku bahari tunaijua kwa picha. Kwa hivyo utaniuliza, Kililana inakuhusu nini? Inanihusu kwa sababu tumechorwa kwenye mstari mmoja. Machi 2012, Mwai Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi walizindua mradi wa LAPSSET huko Lamu: bandari, barabara, reli na bomba la mafuta, kutoka baharini kuja Isiolo, kisha Sudan Kusini na Ethiopia.

Na huo haukuwa mstari wa kwanza. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa na askari wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda wakati wa vita vya Shifta. Soma maeneo yaliyotajwa humo: Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Lamu na Isiolo, sheria moja. Vita hivyo ndivyo vilivyowatoa Wabajuni katika vijiji vya bara kama Rubu na Mvundeni, wakakimbilia visiwani na wengine Mombasa. Huku kwetu Waborana walikusanywa kambini, mifugo yao ikapigwa risasi au ikatwaliwa. Wazee wanauita wakati huo Gaaf Daaba. Hata jina la wadi yetu linatoka enzi hizo. Daudi Dabasso Wabera alikuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, akauawa kwa risasi Juni 1963, miezi michache kabla ya uhuru. Nairobi kuna barabara yenye jina lake, na wapita njia wengi pale hawajui ni la nani.

Sasa mtu akisimama leo na ramani yake aseme bara ya Lamu ni pori lisilo na mwenyewe, anataja matokeo na kuficha sababu. Watu waliondolewa, halafu kutokuwepo kwao kukageuzwa ushahidi kwamba hawakuwahi kuwepo. Tena Kililana kwenyewe kulikuwa na minazi na miembe. Mnazi hupandwa, jamani. Ukiuona umesimama kwa safu, jua kuna babu ya mtu aliyeushika ukiwa mche.

Bahari nayo ilichukuliwa kama tupu. Wakati wa kusi, bahari kuu ikichafuka, mvuvi wa dau dogo hutegemea maji ya ndani, karibu na mikoko. Bandari ikachimbwa humo humo. Wavuvi walienda kortini, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikasema haki zao zimekiukwa, ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Fidia ya wavuvi ilikuwa bado haijafika. Ona basi, zege lilikauka kabla hundi haijaandikwa.

Najua nitaambiwa napinga maendeleo. Ati kijana aliyeacha chuo kikuu mwaka wa pili anajua nini kuhusu bandari? Sihitaji digrii kusoma tarehe. Barabara naitaka. Mgonjwa wa Merti anaihitaji kuliko wewe unayeiona kwenye slaidi za mkutano. Ninachokataa ni mpangilio: mashine kwanza, watu baadaye, kesi katikati.

Wenzangu wa Isiolo, hili ni letu. Sehemu kubwa ya kaunti hii ni malisho ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ipo tangu 2016 na inaruhusu jamii kusajili ardhi yake. Tusingoje bikoni zipigwe ndipo tuitane baraza. Usajili uje kabla ya bikoni, fidia ije kabla ya tingatinga, na mikataba isomwe kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kiswahili, hadharani, si kwa wazee watatu waliochukuliwa kwa gari kwenda hotelini kunywa chai.

Na sisi tunaoandika tuna kazi yetu. Acheni kuanza kila makala ya Kililana kwa kilomita kutoka Mombasa, na kila makala ya Isiolo kwa kilomita kutoka Nairobi. Anzeni na jina la kisima na la aliyekichimba. Andikeni shamba ni la nani, na mwaka gani alifukuzwa, na mwaka gani alirudi. Mawakili wa wavuvi walihitaji ushahidi kwamba watu wanaishi pale. Siku yetu kortini ikifika, tutaulizwa swali lilo hilo, na jibu linafaa kuwa limeshaandikwa.