Maabara Isiwe ya Mlaji wa Ng'ambo Peke Yake

Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Methali hii tunaiandika kwenye insha, tunapata alama zetu, kisha tunafunga daftari. Leo naomba tulifungue tena, maana jambo lenyewe linahusu sahani yako na yangu.

Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye aflatoksini, yaani sumukuvu, na 125 kati yao wakafariki. Wengi walikuwa watu wa kwetu, Makueni na Kitui. Sumu hii hutokana na kuvu wa mahindi yasiyokauka vizuri, nayo huharibu ini. Kuichemsha hakuimalizi. Mahindi ya madukani na sokoni yalipopimwa wakati wa janga hilo, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango kilichoruhusiwa siku hizo, sehemu 20 kwa bilioni. Yaani kipimo kilifika wakati makaburi yamekwisha chimbwa!

Sasa hebu tulinganishe. Januari 2013 Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba katika kila shehena 100 za maharagwe machanga na njegere za maganda kutoka Kenya, 10 zipimwe mabaki ya dawa za wadudu. Mojawapo ya dawa zilizowatia hofu ni daimethoeti. Aliyetaka soko lile ilimbidi aandike siku aliyonyunyiza na asubiri zile siku zilizotajwa kwenye chupa kabla ya kuvuna. Mlaji wa London akalindwa. Je, mlaji wa soko la Wote, Kibwezi au Mwingi analindwa na nani?

Mimi nimewahi kununua nyanya zenye madoa meupe ya dawa. Nilipouliza, nikajibiwa, "Si uoshe tu!" Jamani, kuosha ni kuzuri, lakini dawa nyingine, kama hiyo hiyo daimethoeti, huingia ndani ya mmea. Huko maji ya karai hayafiki.

Najua wako watakaosema kwamba mitambo ya kupima dawa ni ghali, na kaunti zetu kwanza zinahitaji maji. Ni kweli, ukame tunaujua. Lakini sisemi kila nyanya ipelekwe maabara. Shirika la KEPHIS lina maabara Nairobi inayopima mabaki haya. Kaunti za Kitui na Makueni zinaweza kushirikiana, zichukue sampuli chache sokoni kila msimu, kisha matokeo yatangazwe siku ya soko, kwa Kikamba na Kiswahili. Mkulima akijua kwamba atapimwa, atasoma ile karatasi ya chupa kabla ya kunyunyiza. Asiyepimwa ataisoma ya nini?

Na sisi wanafunzi tusikae tukingoja serikali. Kabla mahindi hayajaingia stoo ya shule, twaweza kuyajaribu sisi wenyewe. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa, halafu uache kwa dakika 15. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, mahindi yana unyevu, yarudishwe juani. Jaribio hili halipimi sumu yenyewe, kazi hiyo ni ya maabara. Lakini linatuonyesha gunia ambalo kuvu wataliona kuwa nyumba nzuri.

Kwa hivyo naomba chama chetu kishirikiane na wenzetu wa somo la kilimo, tupate chupa, chumvi na daftari moja la kuandika matokeo ya kila gunia. Mwalimu msimamizi, hili halihitaji pesa nyingi. Maharagwe yanayopanda ndege yana mtu wa kuyachunguza. Githeri na muthokoi wetu je? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwaka 2004 sisi tulijenga ukuta kwa machozi.