Wimbo ni wa nani? Andikeni kabla haujapendwa

Wiki hii ni majaribio mfululizo na bumu lilishaisha kitambo, lakini kuna jambo linanikera na nisipoliandika leo sitasoma. Ni hii habari ya "nenda kasajili". Kila mshkaji akitoa wimbo hapa chuoni anapewa ushauri huo huo, kana kwamba asiposajili wimbo si wake.

Si kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inailinda kazi kwa sababu tu imetungwa. Ukiandika shairi usiku huu nyuma ya daftari la madesa, asubuhi tayari ni lako, tena maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Hujajaza fomu, hujalipa shilingi. Hata Mkataba wa Berne, ambao Tanzania imo tangu 1994, hautaki haki ya mtunzi itegemee usajili. Kisicholindwa ni wazo tupu. Yule jamaa anayelalamika kila siku kantini kwamba kaibiwa wazo la wimbo wa dereva bodaboda, basi aandike kwanza huo wimbo.

Sasa COSOTA ni ya nini? Kwanza tusiichanganye na BASATA. BASATA inamsajili msanii, COSOTA inasajili kazi. Tena tangu mabadiliko ya sheria ya 2022 COSOTA si chama tena, ni Ofisi ya Hakimiliki, na kukusanya mirabaha ni kazi ya vyombo vingine. Kwa hiyo ukisubiri cheti kikuletee hela za redio, utasubiri sana. Cheti ni ushahidi kwamba siku fulani mtu fulani alifika akasema kazi hii ni yangu. Mkifikishana mahakamani si kitu kidogo hicho, na mimi siwaambii msisajili. Ila ofisi haikuwepo studio mlipokuwa mnatunga. Inaandika mnachoiambia.

Na hapo ndipo tunapoumia. Angalieni Malaika. Kila harusi unapigwa, Miriam Makeba kauimba, Harry Belafonte kauimba, Boney M. nao wakauimba. Mtunzi ni nani? Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na jina lake ndilo lililozoeleka. Adam Salim naye alidai kautunga yeye Nairobi mwaka 1945. Wapo na wengine waliotajwa. Fadhili alifariki 2001 na ubishi haujaisha mpaka leo. Wimbo wa mapenzi unaojulikana kuliko wote kwa lugha yetu, na hakuna anayeweza kutoa karatasi ya siku ile akamaliza maneno!

Hapa kwetu niliona dogo lake. Jamaa watatu ninaowafahamu, mmoja alitengeneza biti, wa pili akaandika mistari, wa tatu (sauti anayo, Mungu kampa) akaimba kiitikio. Wimbo ukashika mabweni yote. Kampuni moja ikautaka kwa tangazo, ikauliza swali dogo tu: mwenye wimbo nani? Wote watatu wakanyoosha mkono. Prodyuza anasema studio yake, mwandishi anasema maneno yake, mwimbaji anasema watu wanamjua yeye. Kampuni ikasubiri wiki mbili, ikachukua wimbo wa mtu mwingine. Cheti kingewasaidia nini hapo? Angewahi mmoja kusajili kwa jina lake, ugomvi ungekuwa mkubwa zaidi.

Kinachochekesha ni kwamba kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli. Sheria inatenganisha. Waliotunga maneno na muziki wana hakimiliki. Aliyeimba ana hakishiriki kwa uimbaji wake, na aliyegharamia na kusimamia rekodi anayo yake kwenye rekodi. Mtu mmoja anaweza kushika zote, au zikagawanyika kwa watu watano. Sisi tunasema tu "ngoma ya fulani" na kuendelea na maisha.

Ninachodai ni karatasi moja, kabla wimbo haujatoka nje ya studio. Jina la wimbo, tarehe, nani alitunga maneno, nani muziki, rekodi ni ya nani, asilimia ngapi kila mtu, sahihi zote, kila mmoja na nakala. Halafu ndiyo mwende kusajili, na majina yote.

Najua mtasema kuandikishana na rafiki ni kutomwamini. Mama zetu kwenye vikoba wanaandikishana hadi buku moja na bado wanachangiana harusi na misiba. Sisi wasomi tunaona aibu!

Kikundi chetu cha maigizo tumeshafanya, kwa igizo la muhula ujao. Watu sita, karatasi moja, na ubishi wa saa mbili nzima kuhusu nani aliandika onyesho la tatu. Dada mmoja alinuna mpaka kesho yake. Lakini amesaini, na tiketi hata moja bado hatujauza.