Siitaki Pasi Yenu

Niliosoma nao shahada ya kwanza Kolkata walininunia usiku wa Ashtami, siku ya nane ya Durga Puja. Nimetoka Delhi, nimeacha tasnifu ya uzamili mezani, ili tuwe pamoja. Mmoja kaja na pasi tano za VIP. Nikakataa yangu.

Pasi inakupitisha mlango wa pembeni, mbele ya bibi aliyembeba mjukuu tangu magharibi. Unampiga picha Durga na mikono yake kumi, unatoka. Eti tumeokoa muda. Wa kufanyia nini? Foleni ndiyo kukaa pamoja kwenyewe: umbea, kukanyagana, chapati za mayai (rolex, angesema Mganda).

Puja za mtaa huitwa barowari. “Baro” ni kumi na mbili, “yar” ni rafiki. Inasimuliwa kwamba karne ya 18, kule Guptipara, marafiki kumi na wawili walizuiwa kwenye sherehe ya tajiri, wakachangishana, wakafanya yao. Leo kamati zinazopita nyumba kwa nyumba kuomba mchango zimeweka mlango wa wakubwa! Mwaka 2021 UNESCO iliitambua Puja ya Kolkata kuwa urithi wa binadamu. Binadamu wenye pasi?

Nakiri, mwaka wa pili chuoni niliitumia pasi kama hiyo, tena kwa madaha.

Wenzangu wakapita pembeni. Nikasimama nyuma ya yule bibi. Baadaye mmoja akarudi na chapati mbili, akanipa moja, akaingia foleni.