SIRI ZA LEO NA MASHINE ZA KESHO

Wapo wanaodhani kwamba elimu ya nadharia ni anasa ya mataifa tajiri. Kazi ya Peter Shor, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, yatosha kuwajibu.

Mwaka 1994 Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu ingeweza kutafuta vigawo tasa vya namba kubwa kwa kasi isiyojulikana katika kompyuta za kawaida. Mashine yenye uwezo huo haikuwako. Hata hivyo jambo lilikuwa zito, kwa sababu njia ya kuficha siri iitwayo RSA, iliyobuniwa mwaka 1977, hutegemea ugumu wa kazi hiyo hiyo. Kuzidisha namba tasa mbili ni kazi ya mtoto wa shule. Kuzipata tena kutoka katika zao lenye tarakimu mia sita kumewashinda wataalamu wote. Lakini hakuna aliyethibitisha kwamba ugumu huo ni wa kudumu. Dunia imefunga milango yake kwa kufuli ambalo uimara wake unaaminiwa tu.

Hata hivyo, tusitiwe chumvi. Si kweli kwamba kompyuta hizo hujaribu majibu yote kwa pamoja na kuchagua lililo sahihi. Mwaka 1996 Lov Grover alionyesha kwamba kutafuta kitu kimoja kati ya milioni moja visivyopangwa kungehitaji hatua zipatazo elfu moja. Na imethibitishwa kwamba kiasi hicho hakipunguziki sana. Hiyo ni nafuu kubwa, si muujiza.

Lakini kungoja ni kosa. Adui aweza kunasa leo barua zilizofichwa, akaziweka, akazisoma siku mashine itakapopatikana. Faili la mgonjwa na siri ya nchi hudumu miaka mingi. Ndiyo sababu Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitangaza viwango vitatu vya kwanza vilivyokusudiwa kuhimili kompyuta hizo.

Wajibu, basi, u wazi. Kila ofisi yenye kutunza siri haina budi ijue imezificha kwa njia gani, na kwa muda gani zitahitaji kulindwa, kisha ianze kubadili. Aliyekwisha kuuona ufa hana sababu ya kungoja ukuta uanguke. Naye mwalimu wa hesabu asikubali kuambiwa kwamba namba tasa ni mambo ya ubaoni tu. Juu ya namba hizo ndipo zilipojengwa siri za mataifa.